Treni ya sumaku inalipa wapi? Njia ya Lubumbashi–Kolwezi ikipimwa na Tokyo, Shanghai na Tanger

Mpwa wangu anasoma politekiniki hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo (DRC). Jumapili moja, sahani za bukari zikiwa bado mezani, alitandaza ramani ya Katanga, akashika rula na kuchora mstari mwekundu kutoka hapa hadi Kolwezi, ukipita Likasi na Fungurume. Kando ya mstari akaandika: dakika 36.

"Mjomba," akaniambia, "treni ya sumaku inakimbia kilomita 500 kwa saa. Kwa nini tuhangaike na reli ya Wabelgiji? Simu za waya tuliziruka, tukashika za mkononi. Na hapa turuke."

Swali lake lilinikaa kichwani, maana siku tatu kabla nilikuwa nimerudi kutoka Kolwezi kwa barabara. Tulitoka alfajiri. Kabla ya Likasi tukakwama nyuma ya lori la shaba, mabamba yake yamefungwa mafungu mafungu kwa mikanda ya chuma, turubai limelegea upande mmoja na linapigapiga kwa upepo. Mbele yake lori jingine, na mbele ya hilo jingine. Kando ya njia akina mama walikuwa wakiuza uyoga kwenye mabeseni na makala, yaani mkaa, kwenye magunia, na kila lori lilipoingia kwenye dimbwi, matope yaliwarukia wao kwanza. Kilomita 300 hivi zikatula karibu saa sita. Mtu aliyekaa saa sita nyuma ya turubai lile hawezi kumcheka kijana mwenye rula.

Kwa hiyo nimeupima mstari wake kwa uzito unaostahili. Mezani kuna mambo matatu ya kuchagua: treni ya sumaku inayoelea juu ya njia yake, treni ya kasi yenye magurudumu ya chuma, na reli yetu ya zamani ikitengenezwa sawasawa. Nimeyatazama pale yalipojengwa kweli, kisha nikarudi nayo nyumbani.

Injini iliyolazwa njiani

Kitu cha kwanza cha kuelewa ni mahali injini ilipo. Kwenye treni ya kawaida injini inasafiri na treni. Kwenye treni ya sumaku ya kasi, sehemu kubwa ya injini imelazwa njiani: koili za waya zimepangwa kilomita kwa kilomita, na umeme unaopita ndani yake ndio unaoivuta treni. Mfumo wa Wajerumani uliojengwa Shanghai unainua treni kwa sentimita moja tu hivi. Ule wa Wajapani unainua karibu sentimita kumi, kwa sumaku zinazopozwa kwa heliamu ya kimiminika hadi nyuzi 269 chini ya sifuri.

Hesabu yote ya pesa inaanzia hapo. Ukitaka treni ya pili kwenye reli ya chuma, unanunua injini ya pili. Kwenye njia ya sumaku umeshanunua injini yenye urefu wa njia nzima kabla abiria wa kwanza hajakata tiketi, na bei yake ni ile ile ipite treni moja kwa siku au zipite mia moja. Hata kubadili njia ni kazi nzito: kwa mfumo wa Wajerumani, boriti nzima ya chuma inapindwa kwa mashine ili treni iende upande wa pili. Na treni hiyo haiwezi kuingia kwenye stesheni ya zamani kwa reli zilizopo. Mpaka njia yote iishe, hupati hata franga moja.

Kwa hiyo inahitaji watu wengi sana, kila siku, kwa miaka mingi.

Dakika zilizobaki kuokolewa

Mpwa wangu aliandika dakika 36. Ni kweli, ukiacha muda wa kuanza na kusimama. Lakini nilimwomba aandike na mwendo mwingine wote kwa kilomita hizo hizo 300:

Kwa kilomita 50 kwa saa, saa 6.
Kwa kilomita 80, saa 3 na dakika 45.
Kwa kilomita 160, saa 1 na dakika 53 hivi.
Kwa kilomita 250, saa 1 na dakika 12.
Kwa kilomita 500, dakika 36.

Tazama kinachookolewa kila hatua. Kutoka 50 kwenda 80, mwendo ambao reli ya kawaida iliyotunzwa inaufikia bila shida, unaokoa saa mbili na robo. Kutoka 80 kwenda 160, mwendo wa treni mpya ya umeme ya Tanzania inayotoka Dar es Salaam kwenda Dodoma tangu 2024, unaokoa karibu saa mbili nyingine. Kutoka 250 kwenda 500 unaokoa dakika 36 tu, na dakika hizo ndizo ghali kuliko zote. Ukiongeza mwendo mara mbili, ukinzani wa hewa unaongezeka mara nne, na umeme wa kupambana nao kwa kila kilomita unaongezeka vivyo hivyo.

Magurudumu ya chuma nayo hayajafika mwisho wake. Tarehe 3 Aprili 2007 treni ya Ufaransa ilifika kilomita 574.8 kwa saa juu ya reli. Rekodi ya sumaku, ya Wajapani mnamo 2015, ni 603. Tofauti ipo, lakini si ile tunayoifikiria tukiwa mezani.

Tokyo–Nagoya, mahali penye hoja nzito kuliko zote

Ukiniuliza wapi duniani treni ya sumaku ya kasi ina sababu ya kiuchumi, nitaanza na Japani. Njia yao ya kasi kati ya Tokyo na Osaka ilifunguliwa 1 Oktoba 1964. Leo inabeba zaidi ya watu 400,000 kwa siku, na saa za msongamano treni za haraka peke yake zinaweza kutoka hadi 12 kwa saa upande mmoja. Njia imejaa. Ni ya zamani, inahitaji matengenezo makubwa ambayo huwezi kuyafanya ukiwa unapitisha treni kila dakika chache, na iko kwenye ardhi ya matetemeko. Kampuni ya JR Central inataka njia ya pili, na kwa kuwa lazima ijengwe, imeamua iwe ya sumaku: kilomita 286 hadi Nagoya kwa dakika 40, badala ya saa moja na dakika 40 hivi za sasa.

Hapo kila sharti limetimia. Abiria wapo tayari, wanajulikana kwa idadi, wanalipa nauli kubwa leo hii, na ndege ni mshindani wa kweli kwa wanaokwenda Osaka.

Hata hivyo, tazama gharama. Karibu asilimia 86 ya njia hiyo iko ndani ya mahandaki. Mwaka 2021 makadirio yalipanda hadi yen trilioni 7, na mwaka 2025 yakafika trilioni 11. Kwa yen 150 kwa dola, ni zaidi ya dola milioni 250 kwa kila kilomita. Walipanga kufungua 2027, sasa wanazungumzia 2034 au baadaye. Sababu moja inanigusa sana: gavana wa mkoa wa Shizuoka alikataa handaki kuchimbwa chini ya milima ya mkoa wake kwa miaka kadhaa, akihofia maji ya mto Oi ambayo wakulima na miji wanayategemea. Treni ingepita mkoani kwake bila kusimama hata mara moja. Sisi tunaoishi kando ya migodi tunaijua hali hiyo, ya kitu kikubwa kupita kwako kikichukua maji na kukuachia kelele.

Kwa hiyo hata mahali panapofaa kuliko pote, hesabu inakaza.

Shanghai, Munich, Incheon: njia fupi za uwanja wa ndege

Shanghai ndiko treni ya sumaku ya kasi inabeba abiria wa kawaida kila siku. Ni kilomita 30 hivi kutoka uwanja wa ndege wa Pudong hadi kituo cha Longyang Road, na biashara ilianza 2004. Ilikuwa ikifika kilomita 431 kwa saa. Tangu 2021 inaendeshwa kwa 300, na safari imerefuka kwa chini ya dakika moja. Kwenye kilomita 30 treni inamaliza nusu ya njia ikiongeza mwendo na nusu nyingine ikipunguza, hivyo ile kasi kubwa abiria alikuwa akiionja kwa muda mfupi mno. Ikishafika Longyang Road, anayekwenda katikati ya mji anashuka na kupanda metro. Na metro hiyo hiyo inafika uwanja wa ndege.

Munich walitaka ya kwao ya kilomita 37 kwenda uwanja wa ndege. Gharama zikapanda kutoka euro bilioni 1.85 hadi zaidi ya bilioni 3, wakaifuta mwaka 2008. Incheon huko Korea Kusini walifungua ya mwendo mdogo ya kilomita 6 mwaka 2016, wakaisimamisha 2022.

Sitazungumza zaidi juu ya njia za uwanja wa ndege. Ni fupi mno kwa kasi hiyo. Anayependekeza treni ya sumaku kati ya Luano, uwanja wetu wa ndege, na katikati ya Lubumbashi ajue kwamba barabara nzuri yenye mabasi ingefanya kazi hiyo hiyo.

Wenye pesa na watu walichagua nini

Jambo lililonishangaza ni uamuzi wa Wachina wenyewe. Walikuwa na treni ya Shanghai mkononi, walikuwa na watu, walikuwa na pesa. Ilipofika zamu ya Beijing–Shanghai, kilomita 1,318, walibishana kwa miaka, kisha wakachagua chuma. Njia ilifunguliwa 2011. Kurefusha ile ya sumaku hadi Hangzhou kulipingwa na wakazi wa mitaa ambayo ingepita, mpango ukalala, na 2010 wakafungua ya chuma. Treni ya chuma iliweza kuingia kwenye stesheni zilizopo na kuendelea hadi miji mingine kwa reli ile ile. Ya sumaku ingekuwa kisiwa.

Barani kwetu mfano ni Morocco. Tangu Novemba 2018 treni yao ya kasi inatoka Tanger hadi Casablanca kwa saa mbili na dakika kumi, badala ya karibu saa tano. Kipande kipya ni karibu kilomita 200 tu, Tanger hadi Kenitra, ambako inafika kilomita 320 kwa saa. Kuanzia Kenitra inaingia kwenye reli za kawaida kama treni nyingine. Yote iligharimu dirhamu bilioni 23 hivi, yaani kama dola milioni 12 kwa kilomita ya njia mpya pamoja na treni zake. Hiyo ndiyo faida ya chuma: unajenga kipande, unakitumia, unasubiri pesa, unajenga kingine.

Hoja ya simu

Sasa nirudi kwa "turuke". Ni hoja yenye nguvu, na wengi wanaiamini kwa moyo safi. Lakini simu ya mkononi ilituruhusu kuruka kwa sababu mnara mmoja ni rahisi kuliko waya wa kufika kila nyumba. Tulikwepa gharama. Treni ya sumaku inataka tuiruke reli ya bei nafuu na kutua kwenye kitu ghali mara nyingi zaidi.

Tuweke namba. Ile ya Shanghai iligharimu kama dola bilioni 1.2 za wakati ule, yaani milioni 40 kwa kilomita. Katanga hatuna milima ya Japani, miombo yetu ni tambarare kwa sehemu kubwa, kwa hiyo bei ya Shanghai ni haki kuitumia. Mara 300, ni dola bilioni 12. Bajeti nzima ya taifa ya 2024 ilikuwa karibu dola bilioni 16. Tuseme tumekopa kwa riba ya asilimia 5: milioni 600 kwa mwaka, riba peke yake. Tuseme nauli ni dola 40 na tiketi yote iende kwenye riba, bila mshahara wa dereva wala bili ya umeme. Tunahitaji safari milioni 15 kwa mwaka, watu 41,000 kila siku ya Mungu. Ni mabasi karibu 685 ya watu 60, yaliyojaa. Na hapo bado hatujarudisha hata dola moja ya mkopo wenyewe. Mwalimu wa shule ya msingi wa Likasi hatakuwa kwenye treni hiyo.

Kuna na umeme. Sehemu ya umeme wetu inatoka Inga, kwa laini ya kilomita 1,700 hadi Kolwezi, na kila anayeishi mitaa ya Katuba au Kenya hapa Lubumbashi anajua delestaji, yaani kukatwa umeme kwa zamu, inavyokuja saa ya kupika. Umeme ukikatika, njia ya sumaku imekatika injini. Kichwa cha dizeli kinaendelea na safari.

Njia yetu inabeba nini

Katika ramani ya mpwa wangu hakuna lori hata moja, na hapo ndipo ninapotofautiana naye hasa. Mwaka 2024 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 3 za shaba. Lori moja likibeba tani 30, ni mizigo 100,000 kwa mwaka, kama 274 kwa siku, na hatujahesabu asidi, chokaa na mafuta yanayokuja upande wa pili. Si yote yanapita njia hii, lakini yaliyopita siku ile nilikuwa nyuma yake. Treni ya sumaku ya kasi imeundwa kwa watu na mizigo myepesi. Haitagusa turubai lile. Wenye pesa wangepaa juu yetu kwa dakika 36, na barabara ingebaki ilivyo kwa wengine wote.

Treni ya kawaida ya mabehewa 30, kila moja tani 40, inabeba tani 1,200. Ni malori 40 yametoka barabarani kwa safari moja.

Na reli ipo. Ilifika hapa kutoka kusini mwaka 1910. Kutoka Tenke kwenda Dilolo na Angola iliunganishwa 1931. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kipande cha Likasi–Tenke kilikuwa kati ya vya kwanza duniani kutumia umeme wa volti 25,000, mfumo ule ule unaovuta treni za kasi za Ufaransa leo. Nilipomwambia mpwa wangu hilo alinyamaza kwa muda. Hakuna aliyemfundisha.

Watu wanasema reli yetu ni nyembamba mno, milimita 1,067, haiwezi mwendo. Huko Queensland, Australia, reli ya upana huo huo inapitisha treni ya abiria kwa kilomita 160 kwa saa. Shida yetu ni reli zilizochakaa, mataruma yaliyooza na kokoto zilizozama kwenye udongo. Upana hauna kosa.

Bei ya kutengeneza inajulikana pia. TAZARA, kilomita 1,860 za upana ule ule kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilipata mwaka 2025 mkataba wa dola bilioni 1.4 kwa ukarabati pamoja na vichwa na mabehewa. Ni chini ya milioni moja kwa kilomita. Upande wa Lobito, bandari ya Angola, kampuni yenye mkataba wa miaka 30 ilianza kuiendesha njia ya Angola 2024, na kipande kibovu kinachobaki ni cha kwetu, Dilolo hadi Kolwezi.

Ningechagua nini

Kwa Tokyo, ningekubali sumaku, nikijua ni ghali. Kwa miji miwili mikubwa na tajiri iliyo mbali kilomita 300 hadi 600, yenye reli ya kasi iliyokwisha kujaa na viwanja vya ndege visivyo na nafasi, ningekaa kuhesabu. Washington na New York wana watu na wana pesa, ila ardhi ya kupitisha njia mpya huko ni ghali na kila mita ina mwenyewe.

Kwa Lubumbashi–Kolwezi, ningechukua reli iliyopo na kuanza na Lubumbashi–Likasi, kilomita 120 hivi. Kwa mwendo wa 80 ni saa moja na nusu. Usiku shaba, mchana watu. Ya kasi ya mtindo wa Tanger ningeifikiria siku ambayo treni za 80 zinatoka hapa zimejaa na watu wanabaki kwenye jukwaa, na ya sumaku siku ambayo hiyo nayo imejaa.

Kitu kimoja kinanitia wasiwasi katika chaguo langu mwenyewe. Anayewekeza kwenye reli hapa anafuata shaba, na shaba haina haraka wala haidai kiti. Treni ya abiria ndiyo itakayowekwa pembeni ipishe mizigo, mpaka siku moja ifutwe kimya kimya. Kwa hiyo mkataba wowote wa reli hii uandike kwa saa: treni ya abiria inatoka Lubumbashi kila asubuhi na kurudi kila jioni, haipishi mizigo, na nyuma yake kuna behewa la magunia ya makala na mabeseni ya uyoga.